Linux Kasongo na Kabambare: shida iko kwenye printa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Vibanda vya kuchapisha barua huko Kasongo na Kabambare, jimboni Maniema, vina sababu ya kuiangalia Linux.

Ni imara vya kutosha. Ubuntu 24.04 itapata marekebisho hadi 2029, na virusi vya Windows vinavyosafiri kwa flashi kwa kawaida havifanyi kazi humo. Umeme ukikatika ghafla, barua isiyohifadhiwa inapotea, lakini mashine kwa kawaida inawaka tena.

Ugumu ni printa, nyingine zinaikataa kabisa. Mwenye kibanda aijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta Windows. Printa ikikubali, aanze na kompyuta moja, ile kuukuu isiyoweza kubeba Windows 11.