Ruta Iliyofungwa Isipakiwe kwenda Isangi

Mei 2025 ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliipa Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, kibali, na marufuku ya Machi 2024 ikaisha. Isangi, pale Lomami inapomwagika kwenye mto Kongo, zaidi ya kilomita 100 chini ya Kisangani, haina tena sababu ya kungoja waya. Sahani moja yaweza kuhudumia shule na kituo cha afya. Lakini nyuma ya sahani kuna ruta, na hapo wanunuzi wetu wanatazama bei na idadi ya antena, basi.

Waulize kwanza kama chipu yake inakubali OpenWrt, mfumo endeshi huria ulioanza 2004 baada ya Linksys kushinikizwa kutoa msimbo wa ruta ya WRT54G. Tena waulize: inakubali yote, au nusu?

Nusu ndiyo balaa. Ruta ya bei nafuu ina kichakataji dhaifu. Chipu ya MT7621 ya MediaTek ina viini viwili tu vya megahezi 880. Kinachoiokoa ni sakiti ya pembeni ya kupitisha pakiti. Zile za mwanzo hukaguliwa na kichakataji; njia ikishaandikwa kwenye jedwali, zinazofuata hupita bila kukigusa, kama mkaguzi wa bandarini anayefungua gunia la kwanza kisha akaruhusu shehena nzima kwa karatasi ileile. Kwa chipu hiyo OpenWrt imeiwezesha sakiti tangu toleo la 18.06, mwaka 2018. Fundi huiwasha kwenye ukurasa wa ukuta-moto, kazi imekwisha. Kwenye chipu nyingi za Broadcom njia hiyo ni siri ya kampuni. Za Qualcomm zenye viini vya NSS, viini hivyo vimelala chini ya OpenWrt rasmi. Umelipia mashine nzima, unatumia kipande.

Njia ya mkato ina gharama yake, hatulifichi hilo. Pakiti zinazoipita hukwepa foleni ya SQM, ile inayomzuia anayepakua filamu asiwazibie wenzake. Kwa sahani moja inayogawanywa na wengi, leo foleni ya haki huenda ikafaa kuliko kasi. Kesho mkondo ukipanuka, mkato. Anayepaswa kuamua ni fundi wa Isangi. Ruta iliyofungwa inampokonya uamuzi huo, na siku mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, inabaki na matundu ya usalama yasiyozibika.

Bei si kisingizio. OpenWrt One, iliyotoka Novemba 2024 ikiwa na chipu ya MediaTek, iliuzwa dola 89, na zipo za chini ya hapo.

Serikali ya jimbo la Tshopo na mashirika yanayoleta vifaa kwa jina la wananchi waandike sharti kwenye zabuni: kiendeshi cha sakiti hiyo kiwe wazi, ndani ya Linux yenyewe. Ruta isiyotimiza sharti hilo isinunuliwe kwa fedha ya umma.