Mtoto ajifunze kurudilia andiko lake

Wandugu wafanyakazi, mama na baba wa makambi na makartie,

Leo hatuandiki juu ya mshahara, wala juu ya posho, wala juu ya posti za usiku. Tunaandika juu ya kaye za watoto wetu. Wengine watauliza: sendika na kaye za shule, wapi na wapi? Muvumilie kidogo, mtaona.

Mwaka uliopita tulipeleka barua kwa Inspekteri wa Kazi. Wandugu wa kampuni moja ndogo, ile inayokodishwa na kampuni kubwa, walifukuzwa bila kulipwa hesabu yao ya mwisho. Madai yalikuwa ya haki kabisa. Barua tuliiandika usiku, delege watatu, tumetoka ku kazi, kila mmoja anatia neno lake. Ndani ya barua tulisema wafanyakazi ni 34. Liste iliyofuata nyuma ilikuwa na majina 43. Mahali pamoja tuliandika kazi ilikatwa mwezi wa tatu, chini kidogo tukaandika mwezi wa tano. Inspekteri alisoma, akainua macho, akatuuliza: «Sasa mimi nikamate gani?» Halafu akaturudishia karatasi yetu.

Kampuni nayo ilipata pa kushika. Ikasema: kama hata sendika yenyewe haijui ni watu wangapi, basi madai hayo ni ya kubuni. Tulitumia majuma sita kukusanya tena karatasi na sinyatiri. Majuma sita, jamaa 43, bila franka. Kuko watoto wa sekondeli waliorudishwa nyumbani siku zile juu ya malipo ya shule.

Tuseme ukweli. Kufukuza watu bila kuwalipa kulikuwa kosa la kampuni. Lakini yale majuma sita yalikuwa kosa letu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma ile barua kutoka juu mpaka chini kabla ya kutia sinyatiri. Tulikuwa tumeandika, basi tukafikiri tumemaliza.

Katika nchi yetu haki ya mfanyakazi inapita mu karatasi. Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inataka bwana kazi anayemfukuza mtu amuandikie, na aseme sababu. Inataka pia ugomvi wa kazi upite kwanza kwa Inspekteri kabla ya kufika mbele ya tribinali. Huko kote, mdomo mzuri hautoshi. Anayeandika vibaya anapoteza hata pale anapokuwa na haki.

Basi tukajiuliza: juu ya nini watu wazima, wengine na diploma yao, hawasomi tena walichoandika? Jibu tulilipata mu kaye za watoto wetu, maana ni sawasawa na zile zetu za zamani. Mwalimu anatoa mada. Mtoto anaandika. Mwalimu anatia biki nyekundu kila mahali, chini anaandika 4 juu ya 10. Mtoto anaangalia pointi tu, anafunga kaye. Juma linalofuata, mada nyingine, na makosa ni yale yale. Biki nyekundu ilimwambia kwamba amekosa. Haikumpa nafasi ya kutengeneza.

Sisi watu wa shaba tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Jiwe linalotoka shimoni halijawa shaba bado. Linapondwa, linasagwa, linaoshwa, linapita mu asidi ao mu moto, mpaka siku moja inatoka katodi yenye shaba 99,99 kwa mia. Hakuna kapita anayepigia jiwe makelele juu ni jiwe. Lakini mtoto tunataka atoe katodi moja kwa moja toka shimoni, siku ya kwanza, kwa dakika 40.

Kurudilia andiko ni kazi tatu, na kila moja ina wakati wake.

Ya kwanza ni kupanga upya mawazo. Mtoto anajiuliza: nilitaka kusema nini? Nimelisema? Limekaa mahali pake? Mtoto mmoja wa kwetu aliandika juu ya siku mvua ilipobeba mabati ya nyumba yao. Nusu ya ukurasa ilikuwa juu ya chai ya asubuhi na njia ya kwenda shule. Mabati yalikuja mu mistari miwili ya mwisho. Pale makosa ya herufi si kitu bado. Kwanza chai iondoke, mvua ianze.

Ya pili ni kunyoosha kila sentensi. Angalieni hii: «Baba alimwambia kapita kama mashini yake imeharibika.» Mashini ya nani? Ya baba ao ya kapita? Mu kaye, ni pointi moja inapotea. Mu raporti ya aksida, ni mtu anaweza kulipishwa mashini isiyokuwa yake.

Ya tatu ndiyo kusafisha: herufi, nukta, majina, tarehe, hesabu. Kwa Kifaransa mtoto ajue makosa yake mwenyewe, kwa sababu kila mtu ana yake. Mmoja anachanganya «a» na «à», mwingine «ses» na «ces». Aandike makosa yake matatu makubwa nyuma ya kaye, na kila mara ayatafute hayo kwanza. Tena asome kuanzia sentensi ya mwisho akipanda juu. Akisoma toka juu, kichwa kinakimbia mbele, kinasoma kile alichotaka kuandika. Akitoka chini, jicho linaona kile kilichoandikwa.

Watu wengi wanaanza na ya tatu. Ni kama kufagia nyumba ambayo utabomoa ukuta wake kesho.

Tulizungumza na mwalimu mmoja. Alituambia wazi: «Niko na batoto makumi munane mu klase moja. Nikisoma kaye zote mara mbili, nitalala saa ngapi?» Hana kosa. Toka shule za primeri za Serikali zilipokuwa za bure mu mwaka 2019, watoto walijaa, na hiyo ni furaha, lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kadiri ile. Hatuji hapa kumuongezea mwalimu mzigo.

Tunasema kinyume chake: apunguze mada. Badala ya mada nne mu mwezi, zikuwe mbili, na kila moja iandikwe mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu asitie biki nyekundu popote. Watoto wakae wawili wawili, mmoja anasomea mwenzake kwa sauti, mwenzake anasema: hapa sikusikia. Siku ya pili wanaandika tena. Ile ya pili tu ndiyo mwalimu anapimia pointi. Kazi yake haiongezeki, na mtoto amejifunza kwamba andiko ni kitu cha kurudilia.

Hata karatasi si lazima iwe nyingi. Mtoto aandike akiruka mstari mmoja. Ule mstari mtupu ndio wa kutengenezea. Na ku mashule ya chini, ambako masomo ni kwa Kiswahili, waanze pale pale. Mtoto aliyezoea kurudilia andiko lake kwa Kiswahili atafika ku Kifaransa na desturi ile ile.

Wale wa mwaka wa mwisho tunawaambia hivi. Mu session ya Egzame ya Leta mnachagua jibu kati ya majibu yaliyopangwa. Lakini ku disertasyo hakuna wa kuwapangia. Ni wewe na karatasi yako. Usiandike mpaka dakika ya mwisho. Weka biki chini kabla ya saa kuisha, soma tena kwa kidole chini ya mstari. Dakika kumi za mwisho zinaweza kukuletea zaidi kuliko ukurasa wa nne.

Wengine watasema simu inasahihisha yote. Simu inajua herufi, ndiyo. Haijui kama watu wetu walikuwa 43. Ingeacha 34 yetu ipite salama, tena bila alama yoyote, kwa maana 34 imeandikwa vizuri.

Na wewe mama usiyejua kusoma, usiseme jambo hili halikuhusu. Wewe ndiwe msikilizaji mzuri kuliko wote. Mwambie mtoto: nisomee kazi yako, kwa sauti, polepole. Kama ni Kifaransa, akueleze kwa Kiswahili kila kipande. Pale ambapo husikii, muulize: nani? lini? kwa nini? Pale anapoanza kugugumia, pale ndipo andiko lake lina shimo. Hakuna diploma inayotakiwa kwa kazi hiyo, na baba anaweza kuifanya vilevile akirudi toka posti ya asubuhi.

Sisi nasi hatuwezi kuwaambia watoto wafanye tusichofanya. Basi mu sendika yetu tumeamua. Hakuna barua itakayotoka siku ile ile ilipoandikwa; italala usiku moja. Asubuhi delege ambaye hakuiandika ataisoma kwa sauti mbele ya wengine. Mwingine ataangalia majina, tarehe na hesabu peke yake, akilinganisha na liste. Kisha ndipo sinyatiri.

Barua ya wale wandugu 43 tuliipeleka tena kwa njia hiyo. Safari hii Inspekteri hakuuliza akamate gani. Aliita kampuni ikae mezani.

Wakubwa wa mashule wa hapa kwetu tunawaomba: mtupatie saa moja tu mu juma, ya kuandika mara ya pili. Watoto hawa kesho watatia sinyatiri ku kontra, ku raporti za aksida, ku barua za kuomba haki yao. Leo wakikosea, wanapoteza pointi. Kesho itakuwa mshahara.

Tuko pamoja.