Kanisa la Masasi Lilijengwa na Nani?

Kila zinapoandikwa habari za kanisa la Kianglikana la Masasi, jina la kwanza kutajwa ni la Askofu Edward Steere. Hufuata Chauncy Maples, kisha Vincent Lucas, kisha Trevor Huddleston. Na msomaji hufika mwisho akiamini kwamba kanisa lile, chini ya majabali makubwa ya Mtandi, ni kazi ya Waingereza wachache wenye moyo wa kujitolea. Nasema waziwazi kwamba hiyo ni nusu ya historia, tena nusu iliyo ndogo.

Sikusudii kumnyima Steere haki yake. Sarufi yake ya Kiswahili na tafsiri zake zimewafaa wengi, hata wasiokuwa Wakristo. Lakini hebu tuitazame safari ile ya mwaka 1876. Walioondoka Lindi pamoja naye walikuwa watu zaidi ya hamsini, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa kutoka utumwani na kukaa Mbweni, Unguja, katika shamba la misheni. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, zikaja habari za njaa mbele ya njia. Na wengine miongoni mwao waliona kwamba nchi ile ni njema na kwao hakuko mbali. Wakakaa. Askofu alirejea Unguja baada ya muda mfupi. Hao wengine ndio waliokata miti, wakalima mashamba, wakajenga nyumba na kulea watoto mahali pale. Nani basi aitwe mwanzilishi: aliyerudi, au aliyebaki?

Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara katika maandishi ya siku zile, waliushambulia mji huo. Watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Yaani mtu aliyewahi kuuzwa akiwa mtoto, akavushwa bahari, akakombolewa, alitekwa mara ya pili. Maples alihamishia kazi yake Newala. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi, kituo kilichomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani. Katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, serikali ya Kijerumani iliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza. Kama kanisa lilikuwa mali ya wageni tu, lingekwisha pale wageni walipoondolewa. Halikwisha. Mapadre na walimu Waafrika waliendelea kusalisha na kufundisha, na lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili.

Mmojawapo wa waliotangulia katika kazi hiyo alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyetoka utumwani, akasoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Makao yake yalikuwa Chitangali, kwa mfalme Nakaam, na kazi yake kule ilistawi bila Mzungu kumsimamia nyumbani kwake. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Masasi, Hilary Chisonga, alishika kiti hicho mwaka 1968. Toka upadre ule hadi uaskofu huu ni miaka 78. Wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe, kisha waulize ni upungufu gani ulioonekana kwa Waafrika kwa muda mrefu hivyo, na aliyeuona ni nani.

Upande wa pili wapo ndugu zetu wasemao kwamba kanisa ni chombo cha ukoloni, kwa hiyo historia yake haina nafasi katika utamaduni wa taifa. Hao nao wanawafuta watu walewale ambao vitabu vya misheni vimewafuta; tofauti ni sababu tu. Chukua suala la jando. Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, anasifiwa kwa kuliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Lakini jando la Wayao na Wamakua halikuwa lake hata aliingize. Waliojua miiko yake, siku zake na mafunzo yake, na waliobishana wao kwa wao lipi liachwe na lipi lishikwe, walikuwa mapadre na wazee wenyeji. Mimi sidai kwamba jando hilo la kanisa lilikuwa bora kuliko la asili. Unyago wa wasichana, kwa mfano, haukutulia vizuri katika mpango huo, na si ajabu, maana wapangaji walikuwa wanaume. Hata hivyo, mjadala ule ulikuwa mjadala wa utamaduni wetu, ulioendeshwa na watu wetu.

Mmoja wao, Padre Kolumba Yohana Msigala, aliandika kwa Kiswahili kumbukumbu za kazi ya Kikristo katika Masasi. Wataalamu wa kigeni wamezisoma na kuzitumia katika vitabu vyao vya Kiingereza. Mwalimu wa historia wa Mtwara au Lindi hana udhuru wa kumtafuta Msigala ndani ya tanbihi za Kiingereza. Awape wanafunzi wake maneno ya Msigala mwenyewe, wayasome darasani, wayapinge panapostahili kupingwa, kisha waende Mtandi, Newala na Chitangali na daftari mikononi, wawaulize wazee majina ya waliobeba mawe.