Waya Bila Miguu

Makumbusho ya mawasiliano ya jeshi yana mazoea yake. Mgeni aingiapo huonyeshwa mashine: kwanza simu ya waya, kisha vioo vya kupelekea habari kwa mwanga wa jua, kisha simu ya upepo, kila chombo kikimrithi mwenzake kama wafalme katika orodha. Ndivyo yanavyosimuliwa mambo huko Blandford, Uingereza, penye makumbusho ya kikosi cha mawasiliano cha jeshi la nchi ile. Kwa Waingereza taratibu hiyo haina ubaya, maana mashine ni zao na fahari ni yao. Ubaya huanza inapodhaniwa kuwa hiyo ndiyo historia ya mahali pote, hata msomi wa Sumbawanga akaamini ya kwamba vita vilivyofika mlangoni pake viliendeshwa kwa waya.

Ni kweli kwamba waya ulikuwapo. Mwezi wa Machi 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaisari, akapewa ruhusa ya kupitisha simu yake katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Waya ule, uliokusudiwa kutoka Cape hadi Cairo, ulipanda kutoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ukaishia Ujiji. Cairo haukufika kamwe. Lakini nani aliyebeba nguzo? Nani aliyefyeka pori, akachimba mashimo? Kabati la kioo halijibu, wala halikutengenezwa lijibu.

Yatazamwe mambo ya mwaka 1914. Wadachi walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti, vita havijatimiza wiki moja, manowari ya Kiingereza Astraea ilishambulia Dar es Salaam kwa ajili ya mnara ule, na Wadachi wenyewe wakauangusha. Vita vikaendelea kwa miaka minne na zaidi. Vilipelekwa na nini? Tarishi aliyekimbia na barua, na mpagazi aliyebeba ratili hamsini au sitini kichwani. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliofariki, wale tu walioandikwa katika daftari, walipita 40,000. Wachunguzi wengi huona ya kuwa jumla yao ilikaribia laki moja. Hakuna chombo cha mawasiliano kilichogharimu kiasi hicho, na hakuna kinachoonekana kwa nadra kama hicho katika maonyesho.

Atasema mtu kwamba Wafipa ni watu wa amani, na vita vile havikuwahusu. Na ashuke kwa njia ya Matai hadi Kasanga, akayatazame magofu ya ngome ya Bismarckburg. Mwezi wa Juni 1916 jeshi la Waingereza lilifika huko kwa nchi kavu, na vyombo vyao vya vita vilikuwapo ziwani chini ya Spicer-Simson, vikiwa na mizinga. Hata hivyo Wadachi walipanda mitumbwi na majahazi usiku, wakapita, na tarehe 8 Waingereza wakaingia ngome tupu. Jeshi lililoweza kusafirisha mashua kutoka Cape hadi Ziwa Tanganyika halikuweza kupatanisha kamanda wa pwani na kamanda wa majini. Kisa hiki kina mafunzo juu ya mawasiliano kuliko mitambo mia iliyopakwa rangi, nacho kiko katika ardhi ya Ufipa.

Na mwisho wa vita je? Mapatano yalitiwa sahihi Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa karibu na mto Chambeshi, alipata habari tarehe 13, kwa kuwa watu wake walimkamata mpanda pikipiki wa Kiingereza mwenye simu ile mfukoni. Siku mbili nzima watu walikuwa vitani katika vita vilivyokwisha. Waya ulikuwa umefanya kazi yake yote. Kilichobaki ni umbali ambao hauvukwi ila na mtu. Tarehe 25 alisalimisha silaha Abercorn, na baadaye watu wake wakateremshwa Kasanga, wakapakiwa melini kwenda Kigoma.

Hoja ya wapinzani iliyo na nguvu kidogo ni hii: mashine huonyeshwa, mguu hauonyeshwi. Hoja hii ni ya uvivu. Mzigo wa ratili sitini waweza kuwekwa mlangoni, na kila mgeni akatakiwa auinue. Daftari za wapagazi zaweza kufunguliwa. Zaidi ya yote kipo chombo ambacho hakikosekani katika jeshi lolote la Afrika Mashariki, nacho ni Kiswahili. Msukuma, Mnyamwezi, Mmanyema na Msudani walielewana kwa lugha gani walipopiga kambi pamoja? Afisa wa Kidachi asiyeijua alikuwa bubu mbele ya watu wake mwenyewe. Ni ajabu kwamba wanafunzi wa lugha hii huichambua katika mashairi na katika sarufi, lakini hawaitafuti katika mahandaki.

Huko Dar es Salaam, sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi, chini ya miguu yake.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai bado. Wazee walikusanyika Mwanza, wengi bila cheti chochote. Inasimuliwa ya kwamba kila mmoja alipewa ufagio, akapigiwa amri za kwata kwa Kidachi, na hakuna aliyekosea. Miaka 46 ilikuwa imepita. Malipo yale yalikuwa ya askari. Kwa mpagazi hapakuwa na amri ya kumjaribia, maana aliyoamriwa yeye ni kubeba.