Simba wa Saruji na Nyundo ya Mhunzi

Tuseme ukweli, sisi wapenzi wa fasihi. Tunaweza kubishana wiki nzima kuhusu mwisho wa riwaya, nani kafa na kwa nini. Tukisimamishwa mbele ya sanamu, swali letu ni moja tu: "Amefanana?" Mwaka 2024, sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipozinduliwa makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wengi mitandaoni tuliishia hapo. Tukazima data, tukalala.

Ujinga huu una gharama, na kwetu Karagwe na Kyerwa naiona kila nikienda likizo. Getini kuna simba wa saruji, kapakwa rangi ya njano. Hatua chache mbele kuna mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu. Siku moja nilikuta juu yake nyundo nzito ya mhunzi wa zamani, imelala na rimu ya gari, inapimwa kwa kilo. Simba kalipiwa, nyundo inakwenda kuyeyushwa. Hakuna aliyeshtuka.

Ukiuliza, utaambiwa sanaa ya kuchanganya mbao, chuma na mawe ni mambo ya Wazungu. Sisi vinyago tunawaachia Wamakonde. Jamani! Stanley alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1876, alioneshwa nyumba ya hazina yenye bata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Ng'ombe wa chuma wa Karagwe, wenye pembe ndefu kupita kiasi, wanajulikana na wataalamu wa sanaa duniani. Ng'ombe asiye na kichwa "amefanana" na nini? Wahunzi wale hawakuwa wanapiga picha ya pasipoti. Walikuwa wanasema jambo kuhusu utawala na mali, na waliotazama walielewa.

Vukeni Mto Kagera muingie Uganda. Francis Nnaggenda, aliyezaliwa mwaka 1936, alisomea Ujerumani, akafundisha Nairobi na baadaye Makerere. Hakurudi na aibu ya kwao. Alichonga magogo, akaunganisha mbao na vyuma chakavu. Kazi yake ya miaka ya 1980, ambayo jina lake ni "Mhanga wa Vita", ni mwili mkubwa wa mti uliopoteza viungo lakini bado umesimama. Sisi wa Kagera, ambao vita ya 1978 ilianzia nyumbani kwetu, tunahitaji mkalimani wa nini pale? Na unajua iliwekwa wapi? Maktaba kuu ya Makerere, katikati ya vitabu. Wenzetu walielewa kwamba ile nayo inasomwa.

Wala sina ugomvi na saruji. Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, mama anayemwinua mtoto, aliufanya Mkenya Gregory Maloba kwa zege. Ubaya wa simba wetu ni kwamba hana la kusema. Amenakiliwa kutoka geti la jirani, naye jirani alinakili kwa mwingine.

Najua jibu: watu wana shida, barabara mbovu, kahawa haina bei, wewe unaleta sanamu. Sawa. Lakini hela ya simba ilitoka wapi? Tayari tunalipia sanamu, ila tunalipia mbovu. Fundi wa kuchomelea pale Nkwenda au Omurushaka anajua chuma kuliko mimi ninavyojua sentensi. Hakuna aliyewahi kumwagiza chochote zaidi ya dirisha na geti.

Kwa hiyo mwenye hoteli, mwagize fundi huyo ng'ombe wa pembe ndefu. Halmashauri zetu mbili, nunueni zile nyundo kabla ya mwenye mizani. Nasi tunaoandika uhakiki, tuache kuuliza kama amefanana. Tuulize anasema nini.