Tembe la Kwihara lina tabibu wa pili

Nje kidogo ya mji wa Tabora, nchini Tanzania, kuna mahali paitwapo Kwihara, na hapo limehifadhiwa tembe la Dkt. David Livingstone. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa la miti na udongo, makazi ya asili ya watu wengi wa Tanzania ya kati. Livingstone alifika Kwihara Februari 1872 pamoja na Henry Morton Stanley, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka mwezi uliofuata. Mwenzake akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti, kisha akashika njia ya kusini, asirudi tena akiwa hai.

Shuleni tulifundishwa kumwita mmisionari na mvumbuzi. Aghalabu husahauliwa kwamba alikuwa tabibu, aliyepata idhini ya kutibu huko Glasgow mwaka 1840. Tembe hilo, basi, ni nyumba ya daktari. Lakini je, ni ya daktari mmoja tu?

Ikumbukwe kwamba alipofika Kwihara, Livingstone alikuwa amekaa miaka mitano tangu sanduku lake la dawa liibwe na watu waliomtoroka, Januari 1867. Mganga akawa mgonjwa asiye na dawa. Mwaka 1869, alipougua mapafu, aliyemuuguza na kuhakikisha kwamba anafikishwa Ujiji ni mfanyabiashara Mohamed Bogharib. (Kwamba Bogharib alishiriki katika biashara ya watumwa, ambayo Livingstone aliichukia, ni moja ya kejeli za historia ambazo vitabu vyetu vya shule hupenda kuzikwepa.)

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kuupeleka mwili wake pwani. Uamuzi ni jambo moja, ujuzi wa kuutekeleza ni jambo jingine. Aliyekuwa na ujuzi huo ni Farjala, ambaye hapo awali alimtumikia daktari mmoja Unguja na kuona jinsi maiti zinavyopasuliwa. Farjala alipasua, akatoa viungo vya ndani, akaona donge la damu lililoganda lenye ukubwa wa kiganja, kisha mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa juani kwa siku 14. Oktoba 1873 msafara ulifika Kwihara. Hapo Luteni Verney Lovett Cameron aliwashauri wazike. Wakakataa katakata. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Mjini London, daktari mpasuaji William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844. Jina la Fergusson limo katika kumbukumbu za utabibu wa Uingereza. Farjala, aliyemwezesha Fergusson kupata cha kutazama, huandikwa kuwa mtumishi. Mimi nasema alikuwa tabibu wa pili wa tembe la Kwihara, na mwalimu yeyote anayeisimulia nyumba ile bila kumtaja ameisimulia nusu.

Hapa lugha inatusaidia kuona tulipoteleza. Tuna maneno matatu: daktari, lililotoka Ulaya, tabibu, lililotoka Uarabuni, na mganga, lenye mzizi wa kale wa Kibantu ambao Wakongo, upande wa pili wa bara, wanao katika neno lao nganga. Kuganga ni kutibu, ni kuunga kilichovunjika. Hata wahenga waliposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, walitumia kitenzi hicho kwa heshima. Leo mwanafunzi akisikia mganga hufikiria ramli na tunguri tu. Tumelishusha cheo neno lenyewe, na wenye kazi hiyo tumewashusha pamoja nalo.

Wajapani wana nyumba ya kulinganishwa na hii. Huko Inawashiro, katika jimbo la Fukushima, imehifadhiwa nyumba ya wakulima maskini alimozaliwa Dkt. Hideyo Noguchi mwaka 1876, pamoja na jiko la chini ambamo aliungua mkono akiwa mtoto. Daktari huyo alikufa Accra mwaka 1928 akiutafiti ugonjwa wa homa ya manjano, na tuzo yenye jina lake alipewa Mkenya mwenzetu, Prof. Miriam Were, mwaka 2008. Ninachowasifia Wajapani ni kwamba historia ya nyumba ile haimwachi nje mama yake, Shika, aliyejitahidi kujua kuandika na mwaka 1912 akamwandikia mwanawe barua ya kumsihi arudi. Barua ile ina makosa ya tahajia na lafudhi ya kwao, na haikusahihishwa. Imetunzwa jinsi ilivyo.

Sasa nije Kilelengwani, kwenye delta ya Mto Tana. Nyumba nyingi za huko ni za miti na udongo, zilizoezekwa kwa nyasi au makuti. Septemba 2012 watu zaidi ya 30 waliuawa kijijini hapo na nyumba zikateketezwa. Mwaka 2024 mafuriko ya Tana yaliwahamisha tena watu wa delta. Nani atahifadhi nyumba ya mganga mahali ambapo nyumba yenyewe haina hakika ya mwaka ujao? Kuta hatuwezi kuziahidi. Maneno tunaweza.

Walimu wa Kilelengwani na Garsen wanaweza kuanza muhula huu. Kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja na kuandika, kwa Kipokomo, Kiorma au Kiswahili, kama anavyosema mwenyewe: nani aliunga mifupa, nani alizalisha, kwa mti gani, na mti huo unaitwaje. Jina la msimulizi liandikwe juu ya la mwandishi. Mwalimu asisahihishe lafudhi. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iwekwe mbali na mto. Na wazee waulizwe swali moja zaidi: ni lini Mworma aligangwa na Mpokomo, na Mpokomo na Mworma, na malipo yalikuwa nini.