Jiwe la Tabaka na Soko la Kiganjani

Jiwe la Tabaka, kule Kisii, sisi watu wa Mombasa twalijua zamani: sahani na ndovu waliopangwa madukani kungoja watalii, na tamu ya faida ikibaki kwa mchuuzi wa kati. Leo mchongaji, na hata muuza ndizi wa Nyamira, aweza kuonyesha mali yake katika TikTok akalipwa kwa M-Pesa. Hilo ni jema, nami silibezi.

Lakini tulisomeshwa chuoni kwamba ila ya bidhaa hubainishwa kabla ya kuuza, na aliyefichwa ila ana khiyari ya kurudisha. Video haionyeshi upande wa nyuma. Sahani ikifika Lamu ina ufa, nani atalipa nauli ya kuirudisha Tabaka? Muuzaji na aliseme hilo mapema, kabla hajapokea senti.